Nani anasema? Nafsineni na dhamira katika mashairi ya enzi ya Victoria

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea ualimu wa Kiingereza. Tulipewa "My Last Duchess" ya Robert Browning tueleze dhamira yake. Niliandika kwamba Browning anaamini mke ni mali ya mumewe, na kwamba dhamira ni wivu. Mwalimu alipigia mstari jina la Browning, akaandika pembeni: "Nani anasema?" Lakini tulipofika kwa Tennyson alikubali tuseme mshairi anamlilia rafiki yake. Nitajuaje ni lini "mimi" ni mshairi na ni lini siye? Na dhamira naitoa wapi?

Jibu: Swali la mwalimu wako lilipaswa kuja kabla hujaandika neno dhamira. Katika mashairi ya enzi hii, yaani miaka ya utawala wa Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, mara nyingi huwezi kujua dhamira kabla hujajua anayesema. Kwa Browning hakuna hata haja ya kubahatisha. Shairi hili lilitoka mwaka 1842 katika kijitabu kiitwacho Dramatic Lyrics, na humo mshairi alitanguliza ilani fupi akisema kwamba mashairi yale ni kauli za watu wengi wa kubuni, si zake mwenyewe. Nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, hapa ni mtawala wa Ferrara, Italia, karne ya 16. Neno Ferrara limewekwa chini ya anwani, kama mandhari inavyotajwa mwanzoni mwa tamthilia, na wanafunzi wengi hulipita bila kuliona.

Kosa lako la pili ni kuuita wivu dhamira. Wivu ni mada tu, na yako mashairi chungu nzima yenye mada hiyo hiyo. Dhamira iandike kwa sentensi kamili: shairi hili linatuonyesha nini kuhusu wivu, kupitia kinywa cha nani, na nani anaumia. Kama sentensi hiyo haitungiki, rudi kwenye shairi. Bado hujalisoma vya kutosha.

Anza kwa kulisoma kwa vituo. Sikio lililolelewa na ushairi wa arudhi wa Kiswahili hutua mwisho wa kila mshororo, kwa sababu kwetu mshororo huwa umebeba wazo lake na kina kimelifunga. Browning anakutegea hapo hapo. Shairi lina mistari 56, kila mmoja silabi 10 na mikazo 5, na vina vinakwenda viwili viwili, jozi 28. Ila mistari mingi ni mishata: sentensi inapita juu ya kina bila kutua na kwenda kuishia katikati ya mstari unaofuata. Ukitua kwenye vina utasikia wimbo. Ukitua kwenye nukta utasikia mtu anaongea, kwa utulivu na adabu, kama mwenyeji anayemtembeza mgeni nyumbani kwake. Chukua penseli, tia alama kila penye nukta, usome kwa sauti kutoka alama moja hadi nyingine.

Baada ya hapo mtafute nafsinenewa, yule anayeambiwa. Shairi la aina hii, monolojia ya kidrama, hulisikiliza kama unavyosikiliza simu ya abiria mwenzako kwenye daladala: upande mmoja tu unasikika, na wa pili unaukisia kwa jinsi huyu anavyojibu. Mstari wa 5 mtawala anamkaribisha mtu aketi aitazame picha ya mkewe aliyekufa. Mstari wa 47 anamwomba ainuke. Mistari ya 53 na 54 anamwambia hapana, tushuke pamoja. Maana yake yule mtu amefanya jambo. Amebaki nyuma kwa heshima? Ameanza kuondoka haraka? Shairi halisemi. Chagua mwenyewe, lakini toa sababu.

Mtu huyo ni nani tunaambiwa tukiwa tumekaribia mwisho, mstari wa 49: ametumwa na bwana mwingine mwenye binti. Kwa lugha yetu huyu ni mshenga. Kwa hiyo maneno yote kuhusu mke aliyekufa yamesemwa mbele ya mtu aliyekuja kupanga ndoa inayofuata. Ukishalijua hilo rudi mstari wa kwanza usome upya, maana sasa ni shairi lingine. Angalizo moja kwa msomaji wa Afrika Mashariki: mali inayozungumziwa pale inatoka kwa baba wa binti kwenda kwa mwoaji, kinyume cha mahari. Mtawala ndiye anayedai kulipwa, na katikati ya dai hilo anakumbuka kusema kwamba shabaha yake hasa ni binti mwenyewe.

Sasa tazama kwa karibu makosa ya marehemu. Mistari ya 25 hadi 29 inayaorodhesha: pambo alilopewa na mumewe akalivaa kifuani, jua linalozama, tawi la matunda ya cheri alilokatiwa bustanini na mtu mmoja mwenye kujipendekeza, nyumbu mweupe aliyempanda kuzunguka ua. Vyote vilimfurahisha, akavishukuru vyote sawasawa. Hilo ndilo shitaka lote. Mume aliona jina la ukoo lenye umri wa miaka mia tisa limewekwa kapu moja na tawi la matunda. Angeweza kumwambia mkewe kwamba hapendi, lakini anasema kuambia ni kujishusha, naye huchagua kutojishusha kamwe. Kisha, mistari ya 45 na 46, sentensi zinakatika vipande vifupi: jambo likazidi, nikatoa amri, tabasamu zote zikakoma kwa pamoja. Hakuna jina la kitendo, wala mtendaji, wala maiti. Sentensi inayofuata inarudi kwenye picha: yule pale amesimama, kama yu hai.

Browning alipoulizwa baadaye amri zile zilikuwa zipi, alijibu kwamba zilikuwa za kumuua, kisha akaongeza kwamba huenda mtawala alimfungia kwenye nyumba ya watawa. Kwa hiyo usiandike "alimuua" kama jambo lililotajwa shairini. Andika kwamba shairi linatusukuma tuhitimishe hivyo na linakataa kututhibitishia. Nyuma yake pia kuna historia: Alfonso wa Pili wa Ferrara alimwoa Lucrezia de' Medici mwaka 1558, naye akafa 1561 akiwa na miaka 16, na uvumi wa sumu ukaenea. Historia hiyo itaje kwa sentensi moja, kisha iache. Insha nyingi huzama humo na kusahau kwamba mchoraji Fra Pandolf na mfua shaba Claus wa Innsbruck wanaotajwa shairini ni wa kubuni.

Dhamira sasa inaweza kuandikika. Jaribio la kwanza: "Kupitia mtawala anayejisifu mbele ya mshenga bila kujua kwamba anajishitaki, shairi linaonyesha jinsi mamlaka yasiyoulizwa yanavyomgeuza mtu kuwa kitu cha kutazamwa." Ni sentensi nzuri, mwalimu ataikubali. Mimi nina shaka na "bila kujua". Mtu anayelifunika pazia la picha na kulifunua mwenyewe, asiyeruhusu mwingine aliguse, haelekei kuwa mtu wa kuropoka. Yawezekana anajua kabisa anachosema, na mshenga anapaswa kwenda kumweleza binti yule namna mke wa nyumba hii anavyotakiwa kutabasamu. Ukilisoma hivyo, dhamira inahama kutoka majisifu yanayomfichua mtu kwenda kwenye adabu inayotumika kama kitisho. Usomaji wote wawili unakubalika. Usichoweza kufanya ni kuyabeba maneno ya mtawala na kumtwika Browning.

Njia nzuri ya kuona jinsi nafsineni anavyobadili dhamira ni kuliweka shairi hili kando ya "In an Artist's Studio" ya Christina Rossetti, soneti ya mistari 14 aliyoiandika 1856 na ikachapishwa 1896, yeye akiwa ameshafariki. Mada ni ile ile: mwanamke ndani ya picha, mwanamume anayeitazama. Ila hapa anayesema ni mgeni aliyeingia karakana ya mchoraji, tena anasema "sisi". Anakuta uso mmoja katika kila turubai: malkia, msichana wa kawaida, mtakatifu, malaika. Mistari ya mwisho inajengwa kwa kukanusha: si kama alivyo sasa, amechoka kwa kungoja, si kama alivyo, bali kama anavyoijaza ndoto ya mchoraji. Kwa Browning tunamsikia mwenye picha. Kwa Rossetti mwenye picha hapewi nafasi ya kusema, na sisi tunaoingia kutazama tunajikuta nasi tumo miongoni mwa watazamaji. Mwanamke mwenyewe hasemi katika shairi lolote kati ya hayo mawili. Insha ya kulinganisha mashairi haya huenda mbali kuliko ile inayorundika mashairi sita.

Nakuja kwenye swali lako gumu: mbona kwa Tennyson mwalimu alikubali? "In Memoriam A.H.H.", iliyochapishwa 1850, ni maombolezo ya Arthur Hallam, rafiki wa Tennyson aliyefariki ghafla Vienna mwezi Septemba 1833 akiwa na miaka 22. Herufi za jina lake zimo kwenye anwani, na hakuna aliyejificha. Hata hivyo Tennyson mwenyewe alionya kwamba "mimi" wa shairi lile si mwandishi nyakati zote, mara nyingine ni sauti ya binadamu wote inayosema kupitia yeye. Kwa hiyo hata pale, andika "nafsineni anaomboleza", kisha ueleze kwa sentensi moja kwamba nafsineni huyo yuko karibu sana na mshairi, na ushahidi wako ni upi.

Ushahidi ndio unaoamua. Angalia kama msemaji ana jina, zama au nchi isiyo ya mshairi. Kama mshairi aliacha neno lolote nje ya shairi. Na kama matukio yanalingana na maisha yaliyoandikwa kwingineko, kama vile barua. Soneti 44 za Elizabeth Barrett Browning, "Sonnets from the Portuguese" za 1850, zinajifanya tafsiri kutoka Kireno, lakini ni mapenzi yake na Robert, na barua zao za 1845 na 1846 zipo. Kinyago chake ni chepesi sana. Miaka hiyo hiyo, huku pwani yetu, Mwana Kupona alitunga utendi wake, mnamo 1858, akimusia binti yake. Mtu akidai kwamba mama yule ni wa kubuni ati kwa sababu nafsineni na mtunzi hutenganishwa siku zote, atakuwa amekariri kanuni bila kusoma utendi. Kutenganisha ni mahali pa kuanzia tu. Ukipata ushahidi wa kuwasogeza karibu, wasogeze.

Yako mashairi yanayokaa katikati, na hayo ndiyo yanayowatesa watahiniwa. "Ulysses" ya Tennyson iliandikwa Oktoba 1833, wiki chache baada ya habari za kifo cha Hallam, ikatoka 1842. Nafsineni ni shujaa wa Kigiriki aliyerudi kwake Ithaca, mzee, aliyechoka kutawala. Tennyson alisema shairi linabeba hisia yake ya kulazimika kusonga mbele baada ya msiba. Kwa hiyo kinyago ni cha kale na huzuni ni ya mwaka ule ule.

Ligawe kwa wasikilizaji wake. Mistari 1 hadi 32 anasema kama peke yake: mfalme asiye na kazi, mke aliyezeeka, raia anaowaita wakali ambao kazi yao ni kula, kulala na kulimbikiza. Mistari 33 hadi 43 anamtambulisha mwanawe Telemachus, na lugha inapoa ghafla: busara ya polepole, wajibu wa kawaida, mtu asiye na lawama. Inafungwa na nusu mstari kavu: yeye afanye kazi yake, mimi yangu. Kuanzia mstari wa 44 anawageukia mabaharia, na hapo ndipo moto unapowaka, hadi mstari wa mwisho ule unaobandikwa kwenye kuta za shule kuhusu kujitahidi, kutafuta, kupata na kutosalimu amri.

Mwanafunzi anayeuchukua mstari huo peke yake huandika dhamira ya ujasiri. Aliyesoma mistari 43 ya kwanza anajua pia kwamba shujaa huyu anakimbia mke, mtoto na raia. Na aliyemsoma Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki aliyesimulia safari za Ulysses, anajua kwamba mabaharia wenzake wote walikwisha kufa kabla hajafika nyumbani. Basi anawahutubia akina nani? Dante, mshairi wa Italia, naye alimweka motoni, akasimulia jinsi safari yake ya mwisho ilivyomzamisha. Wako wanaokwenda upande wa pili wakasema shairi lote ni kinaya, mzee mbinafsi anajidanganya. Hilo nalo linalipunguza, maana mdundo wa mistari ile ya mwisho haudhihaki mtu. Mvutano huo uweke ndani ya sentensi yako ya dhamira: hamu ya kuishi inaweza kuwa ya kishujaa na ya kikatili kwa wakati mmoja, hasa inapozaliwa na huzuni.

"Dover Beach" ya Matthew Arnold ilichapishwa 1867, mistari 37, na huaminika liliandikwa karibu 1851. Hapa nafsineni hana jina wala zama za kigeni. Wengi humwita Arnold moja kwa moja, na si kosa kubwa. Wanachokosa ni kwamba hayuko peke yake: mstari wa 6 anamwita mtu aje dirishani, mstari wa 9 anamwambia asikilize. Macho yanatulia kwenye bahari shwari, masikio yanasikia kokoto zikiburutwa na mawimbi, na kupitia masikio ndipo huzuni inapoingia. Dhamira ya "kupungua kwa imani" iko pale, kwenye bahari ya imani inayokupwa, lakini angalia anachofanya mwishoni. Anamwomba mpenzi wawe waaminifu wao kwa wao, kisha anaeleza kwamba ulimwengu hauna furaha, wala upendo, wala nuru, wala hakika, wala amani. Anaomba kitu ambacho papo hapo anasema hakipo. Andika juu ya hilo, usirudie neno "imani" mara kumi.

Tahadhari ya tarehe: usimtaje Charles Darwin kila unapoona shaka. Kitabu chake kuhusu asili ya spishi kilitoka 1859. Picha ya maumbile yenye meno na makucha mekundu, katika sehemu ya 56 ya "In Memoriam", ilichapishwa miaka tisa kabla. Kilichomsumbua Tennyson ni jiolojia, hasa kazi ya Charles Lyell ya 1830 hadi 1833, iliyoonyesha dunia ya kale kupindukia na viumbe vilivyotoweka.

Kwenye mashairi ya kijamii tazama alama za mtajo. Katika "The Cry of the Children" ya Elizabeth Barrett (huyo huyo, kabla hajaolewa na Browning), 1843, mtu mzima anawahutubia ndugu zake kuhusu watoto wa migodini na viwandani, kisha watoto wanasema wenyewe ndani ya alama hizo. Sauti ziko mbili, na shutuma inakaa kati yake. Katika "The Runaway Slave at Pilgrim's Point", iliyotoka 1848 katika kitabu cha mwaka cha wapinga utumwa wa Boston, nafsineni ni mwanamke mweusi aliyetoroka, amesimama pale walipotua Marekani wahamiaji wa Kiingereza waitwao Pilgrims, akiziita roho zao. Amemuua mwanawe aliyezaliwa na sura nyeupe ya wamiliki. Mshairi ni mwanamke mweupe ambaye utajiri wa familia yake ulitokana na mashamba ya watumwa Jamaica. Hapa huwezi kuwaunganisha msemaji na mshairi, wala huwezi kuukwepa umbali uliopo kati yao. Uulize waziwazi katika insha.

Kwa insha yako, badilisha kwanza sentensi ya ufunguzi. Kila ulipoandika "Browning anaamini" weka "mtawala anadai", halafu angalia kama hoja bado inasimama. Zitakazoanguka ziache. Vitenzi vichague: anadai, anakiri, anakwepa, anatisha, "anasema" pekee haikusaidii. Jina la Browning libaki pale unapozungumzia uchaguzi wa kisanaa: vina, mishata, kumchelewesha mshenga hadi mstari wa 49.

Na mistari ya kunukuu, usikimbilie ile ya tabasamu zilizokoma, kila mtu ataitumia. Chukua 21 hadi 34. Mtawala ambaye muda mfupi baadaye atasema hana ufasaha anasitasita hapo mara tatu, na vistari vinaonyesha wapi: nisemeje, vyema, sijui vipi. Anasitasita kila anapojaribu kueleza furaha ya mkewe ilikuwa na ubaya gani. Anapofika kwenye amri zake, hasitisiti hata mara moja.